Fundi Sebagabo na Mzee wa Wayunani

Tangu mkewe afe, Sebagabo hakai. Anakaa kwenye cherehani, anapiga mshono mmoja, anainuka. Anakwenda hadi ukingo wa baraza kutazama barabara kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyemwita. Anarudi, anakaa, anashika kitambaa, na mguu unakataa kukanyaga.

Watu wa Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, wanamjua kwa mshono, si kwa maneno. Miaka arobaini ameshona kwenye baraza lile moja: sare za shule, suruali za makanika, magauni ya harusi. Shule hakuingia. Vipimo vya wateja haandiki popote. Anavivuta kwa utepe, anavitia kichwani, na wiki mbili baadaye vimo vile vile. Maneno alimwachia Mukasine. Mteja akija na malalamiko, Mukasine alijibu. Mgeni akija, Mukasine alimuuliza habari za njiani. Sebagabo alishona akisikiliza, na watu wakasema ni mpole.

Tuanze na kifo cha Mukasine, maana bila hicho mengine hayaeleweki.

Baba yake Mukasine alikuwa mfanyabiashara wa Kasongo, Mwislamu, aliyefika Gisenyi na marobota ya nguo akaoa hapa hapa. Alizaa watoto wawili, Mukasine na mdogo wake Sumaili. Sumaili alivuka mpaka akajenga Goma, mtaa wa Birere, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka baraza la shemeji yake. Mukasine alibatizwa, akaolewa kanisani, na Idi ikifika alivuka kula pilau kwa mdogo wake bila kuulizwa na mtu. Familia za namna hiyo hapa ni nyingi. Hakuna anayezitolea macho.

Mwezi wa kwanza alivuka kwenda kumuuguza wifi yake, Riziki, mke wa Sumaili. Ilikuwa akae siku mbili. Siku ya pili mabomu yakaanza kulia Goma, bariyeri ya mpakani ikafungwa, simu zikakatika. Siku ya nne, saa nane mchana, mwanamke mmoja muuza karoti aliyepenya kwa njia anazozijua mwenyewe alifika barazani na kandambili moja mguuni.

"Muzehe," akasema, "mama amekufa asubuhi. Si bomu, ni tansiyo, damu imepanda. Sumaili ndiye amenituma."

Sebagabo hakulia. Alifanya kile anachokijua. Sandukuni mlikuwa na kitenge cha buluu ambacho Mukasine alikiweka kwa ajili ya harusi ya mtoto wao wa mwisho. Alikitoa, akakitandaza mezani, akachukua mkasi. Alishona gauni refu la mikono mipana, shingo ya kazi ya mkono, vifungo kumi na viwili vilivyovishwa kitambaa. Kazi ya siku mbili. Maana kwao Sebagabo marehemu husubiri: watoto watoke Kigali, ndugu wateremke kutoka Bugeshi, avalishwe nguo yake nzuri, ndipo azikwe. Gauni lilipokwisha alilikunja, akalitia kwenye mfuko, akaenda kusimama kwenye bariyeri ndogo. Alisimama siku tatu, akingoja aruhusiwe kupita au aletewe mwili.

Mukasine alikuwa ameshazikwa. Alizikwa siku ile ile aliyokufa, kabla ya magharibi, ndani ya sanda, kitambaa cheupe ambacho sindano haikukipitia. Ndivyo wanavyozika kwao Mukasine, Waislamu. Sebagabo aliishi na watu hao miaka thelathini na minane. Baba mkwe wake alikufa saa mbili asubuhi na saa kumi walikuwa wameshamfukia, naye Sebagabo alikuwa mmoja wa waliobeba. Alilijua jambo hilo kama anavyojua kutia uzi kwenye sindano. Ila hakudhani kwamba linamhusu mkewe.

Watoto wao wawili walikuja kutoka Kigali, wakakaa siku tano, wakarudi kazini. Bariyeri ilifunguliwa. Watu wakaanza tena kupita na nyanya zao na vitunguu. Sebagabo hakuvuka. Sumaili alipiga simu mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Sebagabo aliitazama simu mpaka ikanyamaza.

Gauni alilitundika ukutani, nyuma ya cherehani. Siku moja mteja akauliza bei yake. Mukandutiye, mwanamke anayetandika nyanya mbele ya baraza, ndiye aliyemjibu.

"Hilo acha, mama. Hilo lina mwenyewe."

*

Mwalimu Wenceslas alikuja kwa ajili ya suruali. Wazazi wake walikuwa wakimbizi, wakamzalia Kigoma. Huko alisoma na huko alifundisha, kisha akarudi Rwanda akafundisha tena mpaka pensheni. Kiswahili chake ni kile cha Tanzania, kilichopigwa pasi. Suruali ilikuwa imepasuka nyuma, na nyingine ilikuwa kwenye kamba inakauka, kwa hiyo alikaa kwenye benchi amejifunga kitenge cha kuazima cha Mukandutiye, na ili watu wasimwangalie sana alitoa daftari akaanza kuandika.

"Barua?" Sebagabo akauliza. Siku hizo neno moja lilikuwa kubwa kwake.

"Natafsiri. Kuna wimbo mrefu wa vita wa Wayunani wa kale. Uliimbwa kabla Yesu hajazaliwa. Ninao kwa Kifaransa, kitabu kipya, kimetoka juzi juzi, maneno yake ya leo. Nautoa humo nauleta Kiswahili."

"Wayunani wale wa barua za Paulo?"

"Babu zao."

"Paulo aliwaandikia hawa?"

"Hawa walikuwa wameshakufa, fundi."

"Bon. Soma."

Mwalimu akasoma. Kulikuwa na shujaa aliyenyang'anywa haki yake na mkubwa wake mbele ya watu, akakasirika, akakataa kwenda vitani. Mwalimu alikuwa amempa maneno marefu, yenye ghadhabu na nyongo na moyo unaotokota, mistari kumi na sita. Sebagabo alisikiliza huku akipiga kiraka.

"Huyu hana hasira," akasema.

"Hana vipi? Mistari yote hiyo?"

"Mutu wa hasira hasemi yote hayo."

"Angesemaje?"

Sebagabo alikata uzi kwa meno. "Angenyamaza. Halafu angesema: siendi."

Mwalimu akafuta, ukurasa mzima, akaandika upya. Suruali ilipokwisha aliuliza kama anaweza kurudi Jumanne. Alikuwa akitafuta sikio, alisema. Wasomi wenzake walikuwa wakimsifu tu.

Basi ikawa desturi. Jumanne na Alhamisi, saa nne, mwalimu alifika na daftari zake, akakaa kwenye benchi akasoma. Sebagabo alisikiliza akitembea. Alikwenda mpaka kwenye mtaro, akarudi. Alikwenda kununua uzi, akarudi bila uzi. Na mwalimu alijifunza kupandisha sauti ili imfikie huko aliko. Mara nyingine fundi alisimama katikati ya barabara na pikipiki zikampigia honi, yeye akinyoosha kidole: hapo rudia.

Mukandutiye naye alisikia, maana masikio hayana mlango.

"Mwalimu, leo wamekufa wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Na wanapigania nini hao?"

"Mwanamke mmoja aliyevuka bahari na mwanamume asiye wake."

"Alivuka au alivushwa?"

"Wasomi wanabishana."

"Wakibishana, basi alivuka mwenyewe." Akapanga nyanya zake. "Na bwana yake mpaka leo anamfuata? Miaka mingapi?"

"Kumi."

"Wa kwangu hakunifuata hata mpaka Mahoko, hapo mbele tu."

Miungu ya Wayunani haikumpendeza Sebagabo. Ilikuwa mingi, na kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumpendelea. "Hawa hawana kazi?" aliuliza. Lakini farasi aliwapenda, na wapiga kasia, na aliuliza sana juu ya silaha: ngozi iliunganishwaje na shaba, kwa mshono gani. Mwalimu hakujua. Sebagabo alimweleza jinsi yeye angefanya.

Ikafika mwezi wa kumi na moja. Siku moja mwalimu akasoma jinsi mtoto wa mfalme, mlinzi wa mji ule, alivyouawa nje ya ukuta, baba yake akitazama kutoka juu. Yule shujaa wa hasira ndiye aliyemuua, kwa sababu huyu alikuwa amemuulia rafiki yake. Kumuua hakukumtosha. Alimfunga miguu nyuma ya gari la farasi, akamburuta mavumbini.

Sindano ya Sebagabo ikavunjika.

"Hampi baba yake mwili?"

"Hampi."

"Hata kumzika?"

"Amekataa. Anamweka kambini kwake."

Sebagabo alitafuta sindano nyingine kwenye kopo. Alitafuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Endelea," akasema, akiwa amewapa mgongo.

Mwalimu akaendelea. Mke wa marehemu alikuwa ndani kwenye kazi yake ya kufuma, hajui lolote. Akasikia kelele ukutani, akatoka mbio, akaona. Na alipopata tena pumzi, katika mambo yote ya kulilia, alilia habari za nguo. Kwamba nyumbani ziko, nzuri, za mikono ya wanawake, na mwenyewe hatazivaa. Kwamba afadhali azichome moto.

Mukandutiye aliacha kupanga nyanya.

"Nani alimwambia?" Sebagabo akauliza.

"Alimwambia nani?"

"Huyo mwimbaji. Habari ya nguo, nani alimwambia?"

Mwalimu alitaka kujibu, akainua macho, akaliona gauni la buluu. Miezi yote hiyo lilikuwa pale, naye alidhani ni la kuuza. Alifunga daftari, akasema ataendelea Alhamisi.

Kuanzia hapo Sebagabo alikuwa na swali moja tu. Atazikwa au hatazikwa? Mwalimu alisema watafika. Lini? Baada ya michezo.

"Michezo gani?"

"Wanamwomboleza yule rafiki wa shujaa. Mashindano ya farasi, mieleka, mbio."

"Mwenzao amelala chini kama mbwa, wao wanacheza?"

"Ndiyo desturi yao."

"Ruka."

"Siruki. Nimejiwekea sharti, sitaruka mstari hata mmoja. Wewe unashona mkono kabla ya bega?"

"Mteja akiwa na haraka nashona."

Mwalimu hakuruka. Wiki mbili zilikwenda kwa farasi na mieleka. Katika wiki hizo Sebagabo alishona koti la mlinzi wa benki mikono yote ikiwa ya kushoto, akalifumua, akalishona tena vile vile.

*

Jumatano moja ya mwezi wa kumi na mbili simu ya Mukandutiye ililia. Alisikiliza, akaivusha juu ya nyanya.

"Ni yako, Muzehe. Na usimkatie, anayelipa dakika ni yeye."

Ilikuwa sauti ya Sumaili.

"Shemeji, ngoja. Mi nahamia Kindu Jumamosi. Mutoto ameniita, nyumba nimeshauza. Donc, basi, sikia. Siku ile tulikuwa watu wanne tu kule makaburini. Wawili walihama, mumoja alikufa. Mahali Mukasine iko, najua mi peke yangu. Hakuna kibao. Mi nikienda, basi, hakuna mutu. Kuya huku nikuonyeshe."

Sebagabo alisimama na simu sikioni. Miezi kumi na moja alikuwa akiyapika maneno ya kumwambia mtu huyu. Yalitoka haya tu:

"Ulimzika kama mutu asiye na bwana."

Gari lilipiga honi huko Birere.

"Kuya unitukane huku basi," Sumaili akasema. "Lakini kuya."

Sebagabo alirudisha simu. "Siendi," akasema, ingawa Mukandutiye hakuwa amemuuliza. Mchana ule aliteremka mpaka ziwani, akapanda, akateremka tena. Watu walimsalimu, akaitikia baada ya kuwapita.

Alhamisi mwalimu alipofika alimkuta amesimama katikati ya baraza, kofia kichwani.

"Leo soma la baba."

"Tumebakiza mbio za miguu na kutupa..."

"Mwalimu." Sebagabo hakupandisha sauti. "Leo la baba."

"Msomee, mwalimu," Mukandutiye akasema. "Au uinuke kwenye hiyo benchi, maana yeye hakai na wewe husomi."

"Sijaliandika kwa Kiswahili. Liko Kifaransa tu."

"Sema. Usiandike, sema."

Mwalimu Wenceslas akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Ilimuuma, ilionekana. Akafungua kitabu chenyewe mwishoni, akasoma kwa macho, kisha akasema polepole, akikwama, akirudi, bila maneno yale ya kupigwa pasi.

Baba yule, mfalme, alikuwa mzee sana. Siku kumi na mbili hakula wala hakulala. Alijigaragaza uani mpaka kichwa chake kikajaa mavi ya wanyama. Watu walimzunguka, akawafukuza. Halafu siku moja akasimama. Akasema anakwenda kwa yule aliyemuua mwanawe, kambini, kumwomba mwili. Mkewe akamwambia umepata wazimu, yule atakula nyama yako mbichi. Mzee akajibu kwamba hakuja kuomba ushauri.

"Alijibu hivyo?"

"Karibu na hivyo."

"Muzuri. Endelea."

Akafungua masanduku. Akatoa nguo, mablanketi, mashuka, mavazi meupe, bora ya yote aliyokuwa nayo, za kumpelekea adui. Akawagombeza watoto wake waliobaki kwa uvivu wao wa kufunga nyumbu kwenye gari. Wakafunga. Akapanda gari na mtumishi mmoja, mzee kama yeye. Watu wa mji walimsindikiza mpaka langoni wakilia, maana waliona anakwenda kufa. Lango likafunguliwa, wakateremka uwandani, wakafika mtoni, na giza...

Mwalimu akainua kichwa. Sebagabo alikuwa amepanda juu ya kigoda, anatungua gauni la buluu.

"Bado, fundi. Hajafika. Subiri usikie."

"Atafika bila mi."

"Sura ni hii, ukurasa unaofuata ndio wenyewe. Dakika kumi tu."

Sebagabo alilikunja gauni kwa mara nne, vifungo vikiwa ndani visikwaruzane, akalitia kwenye mfuko. Akapapasa mfuko wa shati, kitambulisho kilikuwemo. "Mukandutiye, angalia cherehani."

"Naangalia. Nenda, Muzehe. Nenda kabla hujarudi."

*

Bariyeri ilikuwa imejaa. Wanawake wenye mabeseni, mikokoteni ya magurudumu matatu iliyobebeshwa viazi, watu wa kubadilisha pesa. Afisa alitazama kitambulisho, akamtazama mwenyewe.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Msibani."

"Pole. Amekufa lini?"

"Mwezi wa kwanza."

Afisa alihesabu bila kutaka. "Umechelewa."

"Ndiyo."

Kwa Sumaili magodoro yalikuwa yamefungwa kamba mlangoni, na masufuria yametiwa kwenye gunia. Sumaili alitoka akiwa na nyundo mkononi. Alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote. Walisimama, huyu kizingitini, yule uani, na kila mmoja alimngoja mwenzake. Hawakupeana mkono. Riziki ndiye aliyekuja akamshika Sebagabo kiwiko, akamwingiza ndani, akamkalisha juu ya godoro lililokunjwa, maana viti vilikuwa vimekwisha kwenda.

Akaleta bugali na sambaza, dagaa wa ziwani. Sebagabo hakugusa. Alikuwa amejiapia, miezi yote hiyo, kwamba chakula cha nyumba ile hakitapita kooni mwake.

Riziki alikaa chini mbele yake. "Shemeji, mi ndiye nilimwosha," akasema. "Mi na mama wa nyumba ya pili."

Sebagabo alitazama mikono ya Riziki. Maswali yalikuwa mengi. Lililotoka lilikuwa dogo.

"Maji yalikuwa baridi?"

"Hapana. Niliyapasha moto."

"Makaa mulitoa wapi? Na ile vita?"

"Hakukuwa na makaa. Nilichoma kiti."

Riziki akaendelea. Alimsuka nywele mikia mitatu. Alimtia karafuu maiti. Kile kidole alichowahi kuchomwa na pasi ya Sebagabo, zamani, alikiosha taratibu kama kingali kinauma. Alisema yote hayo bila kulia, akihesabu kazi ilivyokwenda, na Sebagabo, ambaye naye ni mtu wa kazi, alimfuata hatua kwa hatua.

Ndipo Sumaili aliposema, kutoka mlangoni, akiwa bado na nyundo yake.

"Walitaka tumuzike saa sita. Wazee walisema risasi zinakaribia, tusichelewe. Mi nikakataa. Nikasema bwana yake iko pale tu, tungoje. Tukangoja. Saa nane nikaenda bariyeri, askari wakanirudisha. Saa tisa nikaenda tena, nikapita kwa nyuma, nikafika pale kwenye waya wa mpaka. Ukisimama pale unaona upande wenu wote, mpaka kwenye ule mti wa wabadilisha pesa. Nikaangalia. Nikasema shemeji atatokea, yule mama wa karoti ameshafika kwake. Nikaangalia mpaka risasi ikapiga bati juu yangu. Hakukuwa na mutu. Donc tukamuzika alasiri."

Sebagabo alikuwa ameanza kuinuka, kama kawaida yake. Akabaki hivyo, nusu amesimama, mkono kwenye godoro.

Saa nane yule mama alifika. Saa tisa kitenge kilikuwa mezani. Alikumbuka alivyoanza na mgongo, alivyopima mara mbili kwa kuwa hakutaka kuharibu. Kutoka barazani mpaka kwenye waya ni robo saa kwa mtu anayekwenda haraka.

"Saa tisa nilikuwa nakata kitambaa," akasema.

Sumaili aliweka nyundo chini, akaja akakaa upande wa pili wa sahani. Alimega tonge la bugali, akachovya, akakaa nalo mkononi bila kula, mpaka Sebagabo naye akamega.

Walipomaliza Sebagabo alitoa gauni mfukoni akampa Riziki. Riziki alilifungua mapajani, akapitisha kidole kwenye vifungo, kimoja kimoja. Alisema ni pana, Mukasine alikuwa na mwili. Sebagabo alimtazama mabega, mara moja tu.

"Vidole viwili kila upande. Nitapunguza. Nipe mkasi."

Akapunguza pale pale juu ya godoro, kwa sindano ya mkono.

*

Makaburi yako juu, kwenye ardhi ya mawe meusi yaliyomwagwa na mlima wa moto. Huko hakuchimbwi, kunavunjwa. Sumaili alikwenda mbele, akapita safu ya kwanza na ya pili, akasimama. Akasogea hatua tatu. Akarudi hatua mbili.

Mbele yao kulikuwa na makaburi mawili yaliyolala bega kwa bega, ya urefu mmoja, bila kibao. Mvua ilikuwa imepita katikati na kuyatawanya mawe ya pembeni.

"Ni lipi?" Sebagabo akauliza.

Sumaili alitazama mlima, akatazama ukuta, kama anapima kitu kwa jicho.

"Siku ile nilihesabu kutoka kwenye ule ukuta. Sasa ukuta umeanguka nusu." Alijifuta uso kwa kofia yake. "Ni hili. Au hili. Shemeji, nilikuwa naogopa ukikataa kuja, na nilikuwa naogopa ukija."

Sebagabo alipita kati ya makaburi yale mpaka mwisho, akarudi. Alifanya hivyo mara nyingi. Sumaili alimwacha.

"Na huyu mwingine ni nani?"

"Mwanamuke wa Masisi. Alikuwa kambi ya wakimbizi. Watu walimuleta kwenye mkokoteni, hakuna aliyemujua jina. Tulimuzika pamoja, saa ile ile, kwa sababu sururu ilikuwa moja."

Sebagabo alivua koti, akaliweka juu ya ukuta uliobaki. Akainama, akachukua jiwe lililokuwa limeteremshwa na mvua, akaliweka kwenye pembe, si ya kaburi hili wala lile, bali ya nje, ili mawe yayazunguke yote mawili. Akachukua la pili. Sumaili alielewa, akaanza upande wake. Mawe yale ni mepesi kwa macho na makali kwa mkono. Walifanya kazi mpaka pande mbili zikasimama.

"Nani alikuambia uje?" Sumaili akauliza. "Jana hukukubali."

"Muzehe mumoja. Wa zamani."

"Namujua?"

"Hapana. Wayunani." Aliweka jiwe, akaligeuza, akaliweka tena. "Walimuulia mutoto, wakakataa kumupa amuzike. Akafungua sanduku, akatoa nguo, akaenda kwa yule aliyemuulia. Yeye na mutumishi tu. Iko kwa kitabu cha mwalimu."

"Akamupata?"

"Sijui."

"Vipi hujui?"

"Niliondoka kabla. Alikuwa amefika kwenye mto."

Sumaili alisimama wima, mkono kiunoni. "Umemwacha muzehe wa watu kwenye mto?"

"Ningengoja, we ungekuwa Kindu."

Sumaili alirudi kwenye mawe. Ilionekana jambo lile limemkaa. "Yule atamuua," akasema baadaye. Na baadaye tena: "Au atamudanganya. Atamupa mwili wa mwingine." Aliposikia alichosema, aliinamia mawe tena.

Sebagabo hakukasirika. "Hata huo atauzika," akasema.

Jua lilikuwa limeegemea upande wa ziwa. Bariyeri ingefungwa jioni, haikumngoja mtu, na bado upande wa chini ulikuwa wazi, na lililobaki karibu lilikuwa jiwe moja kubwa ambalo mtu mmoja hawezi kuliinua.

"Mwalimu akikusomea, unipigie," Sumaili akasema.

"Nitakupigia."

"Mi nitapokea. Si kama wewe."

Sebagabo aliingiza vidole chini ya jiwe. "Shika huko," akasema. "Inua upande wako kidogo."